Pampu ya stelingi inavuma na oili inaumuka: toa upepo kabla hujanunua pampu

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Corolla 110 yenye injini ya 5A. Mpira wa presha wa pawa stelingi ulipasuka, nikafungiwa mwingine mpya na kujaziwa ATF nyekundu, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Tangu siku hiyo nikikata kona pampu inavuma, usukani mara mwepesi mara unagoma, na nikizima injini oili inapanda hadi inamwagika nje ya kopo. Aliyenifungia anasema pampu imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Ni kweli? Na kama ni upepo tu, naweza kuutoa mwenyewe nyumbani?

Jibu: Ndugu yangu, weka hela ya pampu mfukoni kwanza. Katika yote uliyoeleza, lenye uzito kuliko mengine ni hilo la oili kupanda unapozima injini. Pampu iliyochakaa haifanyi hivyo. Hiyo ni alama ya upepo ndani ya mfumo.

Sababu yake ni hii. Oili haibanwi, upepo unabanwa. Injini ikiwaka, presha inayaminya mapovu yaliyomo kwenye mipira na kwenye raki, yaani chombo kinachosukuma magurudumu yakate kona, hadi yanakuwa madogo sana. Ukizima, presha inaondoka, mapovu yanatanuka yote kwa mara moja, na oili inasukumwa kurudi juu kwenye kopo, kama unga wa mandazi unavyoumuka. Kipimo cha Toyota ni rahisi: weka alama usawa wa oili injini ikiwa silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, kisha zima, subiri dakika chache uangalie tena. Ikipanda zaidi ya mm 5, kuna upepo. Yako inamwagika kabisa, kwa hiyo hakuna cha kubishania hapo.

Mvumo nao una asili hiyohiyo. Ndani ya pampu kuna mabapa madogo yanayoteleza na kusukuma oili. Yakikutana na povu badala ya oili, mapovu yanapasuka kwenye chuma na pampu inalia. Usukani unagoma pale raki inapopata povu, kisha unalegea oili ikifika. Mpira wa presha ulipotolewa, oili ilimwagika na upepo ukaingia, na hilo haliepukiki. Kilichokosekana ni kuutoa. Ila usiache hali hii iendelee wiki nzima, kwa sababu povu halilainishi, na pampu nzima inaweza kuuawa na upepo ndani ya muda mfupi.

Kabla ya kugusa spana, inua magurudumu ya mbele, zima injini, zungusha usukani kwa mkono kutoka kona hadi kona. Unatakiwa uende kwa usawa, mzito kidogo lakini bila kukwama. Kama unakwama au ni mzito sana hata matairi yakiwa hewani, shida iko kwenye vyuma: boljointi, kiungo cha mhimili wa usukani, au beringi ya juu ya shokapu. Upepo hauhusiki hapo. Pima pia upepo wa matairi; tairi la mbele lenye psi 20 linaufanya usukani uwe mzito hata pampu ikiwa nzima. Halafu bonyeza belti ya pampu kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ikizama zaidi ya sentimita moja hivi, imelegea. Belti iliyolegea hupiga kelele ya juu, kama mlio wa panya, usukani unapofika mwisho wa kona. Mvumo wa upepo ni mzito, uko chini, na unapanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Ukizijua sauti hizo mbili umeshamaliza nusu ya uchunguzi.

Tazama oili yenyewe. ATF safi ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, imechanganyika na upepo. Ikiwa ya kahawia au nyeusi yenye harufu ya kuungua, ni ya zamani na imepata joto. Chovya karatasi nyeupe uiangalie juani. Vumbi la kung'aa ni chuma kinachokatika ndani, na hapo ndipo pampu inaanza kushukiwa kwa haki. Corolla yako inatumia ATF ya aina ya Dexron II au III, kwa hiyo ulijaziwa sahihi. Wenye gari nyingine wasome kwanza mfuniko wa kopo: Honda wana oili yao ya stelingi na ATF haitakiwi humo, na baadhi ya magari ya Kijerumani yanataka oili ya kijani ya CHF ambayo haichanganywi na ile nyekundu. Oili ya breki usiitie kamwe, hata kijiko. Inavimbisha sili za raki na pampu, yaani pete za mpira zinazozuia oili kuvuja, na zikishavimba hazirudi.

Sasa kazi yenyewe. Andaa ATF lita 2. Mfumo mzima unachukua kama lita moja, lakini utahitaji ya kusafishia na ya kuongezea. Tafuta bomba la sindano kubwa, la mililita 60, lenye kipande cha mpira mwembamba mbele, jeki na stendi mbili, kabari za magurudumu ya nyuma, matambara, na mtu mmoja wa kukusaidia. Gari likae mahali tambarare na pagumu, handibreki juu, kabari nyuma. Inua mbele na ukalishe gari kwenye stendi, kwenye zile sehemu za kuwekea jeki pembeni mwa bodi. Tofali usilitumie, linapasuka bila kukuonya. Kazi hii haihitaji uingie chini ya gari, basi usiingie.

Kwa kuwa oili yako imeshakuwa povu, usianze kuzungusha leo hii. Liache gari lilale usiku kucha mfuniko ukiwa umelegezwa, na kopo limefunikwa kitambaa safi vumbi lisiingie. Povu laini linapanda polepole, na hakuna njia ya kuliharakisha isipokuwa muda. Asubuhi nyonya oili yote ya kopo kwa bomba la sindano, futa uchafu ulioganda chini, ujaze mpya hadi alama ya COLD ya juu. Kama kopo lako lina chujio chini, lioshe kwa petroli na lipulizwe hadi likauke. Chujio lililoziba linaifanya pampu inyonye kwa shida na kutengeneza povu hata pasipo na tundu lolote.

Fungua ufunguo hatua ya kwanza ili usukani usijifunge, lakini injini isiwashwe. Msaidizi azungushe usukani polepole, sekunde kama 10 kutoka kona moja hadi nyingine, na wewe usimame kwenye kopo na ATF mkononi. Utaona mapovu yakichomoza kwenye kopo kila usukani unapozungushwa, na oili ikishuka. Ongeza kila inaposhuka. Kosa kubwa hapa ni kuiacha oili ishuke chini ya tundu la kutokea. Mzunguko mmoja tu wa namna hiyo unarudisha upepo wote uliokwisha kuutoa. Fanya mizunguko 20, hata 30. Mkono utachoka, lakini hatua hii ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Raki inapokwenda huku na huko inafanya kazi ya pampu ya mkono, inasukuma mapovu makubwa kurudi kwenye kopo kabla hayajasagwa. Usiende mbele hadi mizunguko kama mitano mfululizo ipite bila povu kuchomoza na bila oili kushuka.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanajaza oili, wanawasha injini, wanakanyaga mafuta na kuupiga usukani kona kwa kona kwa kasi, wakiamini upepo utatoka kwa nguvu. Hautoki. Pampu inayozunguka inaukoroga upepo ndani ya oili hadi unakuwa povu laini kama maziwa, na povu hilo halitoki siku hiyo. Kwa dalili ulizoeleza, bila shaka ndivyo gari lako lilivyofanyiwa.

Mapovu yakikoma, pumzisha nusu saa. Kisha washa injini kwa sekunde 2 au 3 tu uzime. Tazama kopo, ongeza oili, rudia mara tatu au nne. Oili ikitulia, washa uiache silensa dakika chache bila kugusa usukani. Halafu zungusha taratibu hadi mwisho wa kona, shikilia sekunde 2 au 3, rudi upande wa pili, shikilia vilevile. Rudia mara kadhaa. Usizidishe sekunde 5 pale mwisho: usukani ukifika ukomo, vali ya pampu ya kupunguza presha inafunguka na oili ileile inazunguka ndani ya pampu ikichemka. Tabia ya kuegesha gari huku umeukaza usukani hadi mwisho inaua pampu nyingi zisizo na kosa.

Shusha gari chini, rudia zoezi la mwisho matairi yakiwa na uzito. Zima, kisha fanya kile kipimo cha mm 5. Oili ikiwa angavu na haikupanda, umemaliza. Ikiwa bado ina ukungu, usiendelee kuzungusha kwa hasira. Ipumzishe saa kadhaa urudie tangu hatua ya injini kuzimwa.

Ikiwa oili ilikuwa nyeusi, badilisha yote kabla ya hayo. Chomoa mpira wa ritani kwenye kopo, ule usio na presha, uelekeze kwenye chupa, ziba mdomo wa kopo ulipotoka mpira kwa kifuniko cha mpira kinachobana. Magurudumu yakiwa hewani na injini imezimwa, msaidizi azungushe usukani nawe ukimimina mpya hadi inayotoka iwe nyekundu safi. Lita moja hadi moja na nusu inatosha. Oili chafu ipeleke gereji wanakokusanya oili chakavu, usiimwage mtaroni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote. Ukitoa upepo vizuri, kisha baada ya siku mbili povu likarudi, usitoe tena na tena. Kuna mahali upepo unaingia, na mahali hapo mara nyingi hapavuji oili. Watu wanatafuta tone chini ya gari, hawalioni, wanahitimisha kwamba mfumo ni mzima na pampu ndiyo mbovu. Lakini fikiria njia ya oili. Kutoka pampu kwenda raki kuna presha kubwa, ambayo usukani ukifika mwisho hupita bar 60. Huko tundu likitokea, oili inarushwa nje na utaiona. Kutoka kwenye kopo kwenda pampu hakuna presha, kuna kunyonya. Huko tundu dogo halitoi oili, linavuta upepo. Kwa hiyo povu linalorudi chunguza kwanza upande wa kunyonya, palipo pakavu.

Anza na mpira mnene unaotoka chini ya kopo. Klipu za waya za kiwandani zinalegea kwa uzee. Ukiweza kuzungusha mpira kwa vidole juu ya bomba, haubani. Weka klipu za skrubu, na kama ncha ya mpira imekuwa ngumu, kata sentimita moja ikiwa urefu unaruhusu, la sivyo badilisha mpira. Angalia pia ni mpira gani uliofungwa. Mpira wa maji ya rejeta unafanana nao kwa unene na ni rahisi kupatikana, lakini ATF ya moto inaulainisha, unavimba, na pampu ikinyonya unajikunja ndani. Unatakiwa mpira unaostahimili oili.

Kisha o-ringi ya bomba la chuma linaloingia kwenye pampu. Ni kitu cha bei ndogo sana, na kikikauka kinavuta upepo mchana kutwa bila kutoa tone. Ukiitoa, iweke mpya yenye unene uleule, ipake ATF kwanza. Kagua na kitako cha kopo kama kina ufa. Mwisho kabisa sili ya mhimili wa pampu, nyuma ya puli: hii ina tabia ya pekee, inavuta upepo injini ikiwaka na kuvuja kidogo ikizimwa. Unyevu mwekundu uliotapakaa nyuma ya puli ndio ushahidi wake. Sili inabadilishwa peke yake. Si lazima pampu nzima.

Njia nzuri ya kumnasa mwizi wa upepo ni grisi. Injini ikiwa silensa na pampu ikivuma, paka grisi nzito kuzunguka kiungo kimoja cha upande wa kunyonya, subiri nusu dakika, sikiliza. Mvumo ukipungua, ni hapohapo. Usipopungua, nenda kiungo kinachofuata. Weka mikono na nguo mbali na belti na feni. Na mpira wa presha usiupapase kwa kidole kutafuta vujo injini ikiwaka; oili yenye presha hiyo inaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani, na jeraha la namna hiyo ni la hospitali siku hiyohiyo hata likionekana dogo. Tumia kipande cha boksi.

Kwa kuwa mpira wako wa presha ni mgeni, ukague nao. Boliti yake pale kwenye pampu inakaa na washa (pete bapa) za chuma laini pande mbili, zilizotumika hazirudiwi. Mpira wenyewe usiguse bodi wala injini njiani, maana ukigusa unasafirisha sauti ya pampu ndani ya gari na utadhani bado kuna upepo. Na kama ulitengenezwa kwa kukatwa na kubanwa ncha, uliza kama ulioshwa ndani. Chembe za mpira zinazobaki baada ya kukata zinakwenda moja kwa moja kwenye vali ya raki.

Kuna jambo la pembeni kwa wenye Toyota za miaka ya 1990: pampu nyingi za wakati huo zina vali ndogo yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini, ili kuongeza silensa unapokata kona. Vali hiyo ikichoka, injini inanyonya ATF na kuichoma. Oili inapungua bila kuvuja popote, na moshi mweupe unatoka nyuma. Chomoa mipira hiyo uitazame ndani. Inatakiwa iwe mikavu.

Baada ya yote hayo, pampu ipewe hukumu ya haki. Oili haina povu, haipandi, belti imekaza, lakini usukani ni mzito pande zote mbili sawasawa injini ikiwa moto na silensa, na unakuwa mwepesi ukikanyaga mafuta kidogo: hapo pampu imechakaa kweli. Ukiwa mzito upande mmoja tu, pampu haina kosa, tazama raki. Minya pia zile buti za mpira pembeni mwa raki. Zikiwa na oili ndani, sili za raki zimekwisha. Gereji yenye geji ya haidroliki inaweza kuthibitisha kwa dakika tano: geji inafungwa kati ya pampu na mpira wa presha, vali yake inafungwa kwa muda usiozidi sekunde 10, na kwa Corolla ya kizazi hicho usomaji unatakiwa uanzie bar 60 kwenda juu.

Ikibidi ununue ya mtumba, zungusha puli kwa mkono kabla ya kulipa. Iende laini bila kukwaruza, na mhimili usicheze juu na chini. Badilisha sili ya mhimili na o-ringi ikiwa bado mezani, na usafishe mfumo mzima kama nilivyoeleza kabla ya kuifunga, kwa sababu vumbi la chuma la pampu ya zamani likibaki kwenye raki litaimaliza mpya.

Ukishatoa upepo, angalia kopo asubuhi injini ikiwa baridi kwa siku tatu mfululizo, kwenye alama za COLD, na mara moja baada ya safari ndefu kwenye alama za HOT. Usijaze hadi HOT wakati wa baridi. Oili ikipata joto inatanuka na itamwagika, nawe utadhani upepo umerudi.